Kahawa ya Mzee wa Kimwani

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo mzee mmoja wa Kimwani alininyooshea kahawa ya kutafuna nami nisinyooshe mkono kuipokea. Nilikuwa ndani ya chumba cha watoto njiti, yeye amesimama mlangoni, na mkewe nyuma yake ameshika kanga ya kumbebea mtoto. Wewe unaanza kazi hii katika wodi yenye mashine zinazolia na taa za buluu, na huenda ukaona kwamba kahawa na watoto njiti havihusiani. Kaa kidogo nikueleze. Karibu yote niliyokuja kuyajua baadaye juu ya kazi yetu yalianzia kwenye mlango ule.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, upande wa Muleba, juu kwenye kilima ambako upepo wa ziwa haupumziki. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tuliitana ndugu, tulilima shamba la kijiji kwa zamu, na madukani vitu vilikuwa vimeanza kuadimika. Mimi ni mtu wa Rubafu. Nilifika pale nikiwa na elimu ya shule ya msingi na mafunzo mafupi ya uuguzi. Mengine nilijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu vya zamani vilivyoachwa kwenye kabati la ofisi, kamusi ikiwa pembeni. Nilisoma polepole, na nilichokisoma nilikijaribu kukiona kwa macho kabla ya kukiamini.

Chumba cha njiti hakikuwa na mashine hata moja. Kilikuwa na vijisanduku vinne vya mbao alivyovitengeneza fundi wa hospitali, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na pamba, flaneli, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Joto la chumba kile lilikuwa birika na mtu aliyekumbuka kubadilisha chupa kabla haijapoa. Basi. Ukilala, joto linalala.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mwanamke wa Kitendaguro, jina lake Verediana. Sote tulimwita Ma Verediana, kama tunavyowaita mama zetu wa heshima kwetu. Alikuwa mfupi, hasemi sana, na hakuwahi kuonekana akikimbia. Siku yangu ya kwanza alinionyesha jinsi ya kumlisha mtoto ambaye bado hajui kunyonya. Mrija mwembamba unapita puani hadi tumboni. Juu ya mrija unaweka bomba la sindano lililotolewa kijiti chake cha kusukumia. Unamimina humo maziwa aliyoyakamua mama, unaliinua bomba kidogo, na maziwa yanashuka yenyewe.

Yalishuka taratibu mno. Nikaona yanatuchelewesha, nikachukua kile kijiti niyasukume. Ma Verediana akanishika kiwiko.

“Unakimbilia wapi, kaisiki?” Kaisiki ni msichana kwa Kihaya, na aliniita hivyo mpaka nilipoolewa.

“Kuna wengine watatu wanangoja, Ma.”

“Tumbo la huyu lina ukubwa gani?”

Nikamwonyesha ncha ya kidole gumba changu.

“Sasa wewe unataka kumpakulia kama wapiga jembe. Rudisha kijiti hicho mezani. Maziwa yana miguu yake, yatafika.”

Nilirudisha. Tangu siku ile nilijifunza kusimama, mkono mmoja umeinua bomba, macho kwenye midomo ya mtoto nione kama inabadilika rangi, na kutofanya jambo jingine lolote mpaka tone la mwisho lishuke. Ukimwacha mtoto katikati ya mlo, maziwa yanaweza kumrudia na kumpalia. Hilo halijabadilika hata leo, mwanangu, pamoja na mashine zako zote.

Jambo la pili alilonifundisha ni namna ya kujibu. Akina mama walikuwa wakikamua maziwa kwenye baraza, na kila nesi aliyetoka walimwuliza, “Mwanangu atapona?” Sisi vijana tulikuwa wepesi wa kusema atapona, atapona, usiwe na wasiwasi. Ma Verediana hakulisema neno hilo hata mara moja. Alisema, “Leo amekula. Leo amekojoa. Leo miguu ina joto.” Kama mtoto hakula, alisema hakula. Mwanzoni nilimwona mkavu. Baadaye niliona akina mama wakimtafuta yeye, si sisi.

Jambo la tatu lilikuwa mikono. Mtoto njiti ngozi yake ni kama utando ulio juu ya maziwa yaliyochemka. Uchafu usioweza kukuwasha wewe unaweza kumwua yeye. Kwa hiyo ulinawa mpaka viwiko, ukakausha kwa kitambaa kilichochemshwa, na kuanzia hapo ukaishika mikono yako juu mbele ya kifua mpaka umalize kazi. “Ukishanawa, mikono si yako,” alisema Ma Verediana. Na sabuni ilikuwa ya mgao. Mche mmoja ulikatwa kwa uzi, kila wodi ikapewa kipande chake, na kikiisha umeishiwa. Zaidi ya hapo tulichuja maji ya majivu ya kunawia, ambayo yalichukua nusu siku kuchujika na yaliunguza vidole mpaka vikapasuka.

Sasa fikiria shida yetu. Kwetu msichana anapomkuta mzee hupiga magoti, humwamkia kwa utulivu, na humpa mikono yote miwili. Asiyefanya hivyo hajalelewa, na lawama haimwishii yeye, inafika kwa mama yake. Ndugu za wagonjwa walipita dirishani wakatuona tumeinua mikono hewani, tunawaamkia kwa mdomo tu. Wanawake wa pale sokoni walinichekesha na kunikera kwa pamoja. “Nesi, mikono hiyo imepakwa dhahabu?” “Mwacheni, anaogopa tutamwambukiza umaskini.” Shangazi yangu mwenyewe alitoka Rubafu kuja kunitazama, akakuta nimeshanawa, akarudi nyumbani akisema nimekuwa mzungu.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Kemilembe.

Alikuwa mke kijana wa Kimwani. Uchungu ulimshika kabla ya wakati akiwa shambani, akaletwa juu ya lori la chama cha ushirika, amelala kati ya magunia. Akajifungua mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba kofia ya flaneli tuliyomvalisha ilimshukia mpaka kidevuni. Mumewe alikuwa Mwanza akifanya kazi kiwandani. Mwenye kauli juu ya mtoto alikuwa baba mkwe wake, Ta Kaijage. Ta ni kama kusema baba, kwa heshima.

Siku chache za kwanza Kemilembe hakusema kitu. Kisha asubuhi moja, akikamua maziwa kwenye kikombe, akaniambia bila kuinua macho, “Dada nesi, baba mkwe anakuja.”

“Vizuri. Aje amwone mjukuu.”

“Si vizuri.” Akaweka kikombe chini. “Wifi yangu alijifungua njiti kabla yangu. Walimpeleka hospitali nyingine, mbali. Mzee alikwenda kila siku, akasimama dirishani, hakuna aliyemtolea hata kiti. Kila siku anaambiwa atapona. Siku ya mwisho wakampa furushi kupitia dirisha lile lile. Aliapa kwamba mtu asiyekula kahawa naye hatamwachia tena damu yake.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo atawapa kahawa. Mkiikataa, ananichukua mimi na mtoto siku hiyo hiyo.”

Wewe uliyekulia mjini pengine huijui kahawa anayoisema. Si ya kunywa. Ni punje zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikiwa bado na maganda yake, zikaanikwa mpaka zikakauka. Twaiita akamwani. Mgeni akifika hupewa kabla ya chakula. Mwenye nyumba anatoa kwa mkono wake, mgeni anapokea kwa mikono yake, wote wanatafuna. Ukishatafuna na mtu, mmeaminiana. Kuikataa mbele ya watu ni sawa na kumwambia mwenzako kwamba unamshuku.

Nilimpelekea Ma Verediana habari hizo. Alisikiliza akikunja flaneli.

“Nifanye nini akija, Ma?”

“Akija ukiwa hujanawa, pokea, tafuna, mshukuru.”

“Na nikiwa nimenawa?”

Akaendelea kukunja. “Mjukuu wake ni mmoja kati ya wanne,” akasema.

Kesho yake sabuni ikakaribia kwisha. Kilibaki kipande chembamba kama ukucha. Ma Verediana akaamua kwenda Bukoba mwenyewe kwa basi la asubuhi kuitafuta, kwa sababu alijua ni nani wa kumwomba. Nikabaki peke yangu na watoto wanne. Nikamalizia kile kipande cha sabuni kwa kunawa mara moja, vizuri, mpaka viwiko, nikijua kwamba mikono ile lazima initoshe mpaka jioni. Maji ya majivu nilikuwa nimeyaweka yachujike, lakini yalikuwa bado yanadondoka chini ya ndoo.

Nilianza na mtoto wa Kemilembe. Nimeinua bomba, maziwa yameshuka kama nusu, nikasikia sauti barazani na Kemilembe akipiga magoti akiamkia. Mlango ukafunguliwa wazi, upepo ukaingia.

Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti la zamani juu ya kanzu, fimbo mkononi. Nyuma yake mkewe, Ma Paskazia, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka. Ta Kaijage alinitazama, akatazama vile vijisanduku, akatazama ule mrija. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifuko cha majani makavu ya mgomba, akakifungua, akanyoosha kiganja chenye punje.

“Kaisiki, ni wewe unayemlea mjukuu wangu?”

“Ni mimi, waitu, pamoja na mkubwa wangu.” Waitu ndilo neno letu la kumheshimu mtu.

“Njoo upokee.”

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeinua bomba. Wa kushoto ulikuwa kwenye kichwa cha mtoto. Nikasema, “Waitu, naomba unisubiri kidogo. Maziwa yanashuka. Na naomba ufunge mlango, baridi inaingia.”

Ta Kaijage akamgeukia mkewe.

“Amesema nini huyu?”

“Amesema umsubiri,” akasema Ma Paskazia.

“Mimi?”

“Na ufunge mlango.”

Akaufunga. Aliufunga kwa nguvu mpaka kioo chake kikatetemeka, na kupitia kioo hicho nilimwona amebaki amenyoosha kile kiganja kama mtu aliyesahau mkono wake hewani. Nikamsikia akisema, “Ni walewale. Kemilembe! Kusanya vyako. Mama, fungua kanga hiyo. Lori linarudi mchana, tutaondoka nalo.”

Mwanangu, kama kuna saa niliyotamani kukichukua kile kijiti na kuyasukuma maziwa, ni ile. Kilikuwa mezani, karibu na kiwiko changu. Maziwa yaliyobaki yalikuwa kiasi cha kijiko cha chai, na nje ya mlango uhai wa mtoto ulikuwa unafungwa kwenye kanga ili upakiwe lorini. Sikukigusa. Nikasimama nikimtazama midomo. Tone likashuka, jingine likafuata, na nje nilisikia Kemilembe analia. Yalipokwisha, nikabana mrija, nikamlaza mtoto ubavu, nikamfunika. Kisha nikausukuma mlango kwa bega na kutoka.

Nikapiga magoti pale pale kizingitini, kwenye saruji, mikono nimeiinua juu. Nikamwamkia salamu yetu yote, ile ndefu, bila kuruka hata neno. Hakuitikia. Nikaendelea.

“Waitu, mikono hii nimeinawa kwa sabuni ya mwisho iliyokuwapo. Nikigusa mkono wako, siwezi kurudi kwa watoto mpaka sabuni nyingine itoke Bukoba. Kuna watatu bado hawajala. Si kwamba mkono wako mchafu. Hata angekuja baba yangu mzazi, nisingemshika. Mikono leo ni ya watoto.” Sijui maneno yaliyofuata yalitoka wapi; sikuyapanga. “Lakini kinywa ni changu.”

Nikakifungua.

Nilikuwa msichana mkubwa, nesi wa serikali ya watu huru, nimepiga magoti mlangoni na mdomo wazi mbele ya baraza zima. Akina mama wakaacha kukamua. Ta Kaijage akanitazama kana kwamba nimemtolea ulimi. Ndipo Ma Paskazia alipopasuka kwa kicheko.

“Mpe basi! Kinda limefungua mdomo, wewe unalikodolea macho?”

“Nyamaza, mama.”

“Sinyamazi. Umetoka Kimwani na kahawa, mdomo huu hapa. Au ulitaka mwenye meno mazuri zaidi?”

Baraza likaangua kicheko. Hata Kemilembe alicheka katikati ya machozi. Pembe za mdomo wa mzee zikatikisika kidogo, akajizuia, akashindwa. Akainama, akachukua punje mbili kwa ncha za vidole, akaniwekea mdomoni kwa uangalifu, kama vile ningeweza kuvunjika. Nikatafuna. Ni chungu, ina moshi na majani ndani yake. Naye akatia zake mdomoni. Tukatafuna tukitazamana.

Hapo ningeweza kuinuka na kurudi ndani nikidhani nimeshinda. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Kicheko kilipopoa akajishikiza kwenye fimbo.

“Umekula kahawa yangu.”

“Nimekula, waitu.”

“Basi nijibu kama mtu aliyekula. Mtoto huyu atapona?”

Nyuma yake Kemilembe alinitikisia kichwa: sema ndiyo. Nilimwelewa vizuri. Ndiyo moja tu, kanga ile irudi begani na mtoto abaki kwenye joto. Na ndani kabisa niliamini kwamba uongo wa namna hiyo ungekuwa dawa. Lakini ladha ya kahawa ilikuwa bado ulimini. Nikaona pia kwamba hilo ndilo swali aliloliuliza kila siku kwenye dirisha lile lingine, na kila siku walimjibu upesi.

“Sijui, waitu,” nikasema.

Mtu mmoja barazani akavuta pumzi. Nikaendelea kama Ma Verediana alivyonifundisha, jambo moja baada ya jingine.

“Leo amekula, umeona mwenyewe. Leo amekojoa. Leo miguu ina joto. Jana hakuongezeka uzito. Juzi alisahau kupumua, tukamgusa nyayo, akakumbuka. Anaweza kusahau tena. Kesho siijui. Ninachokijua ni barabara ya Kimwani na upepo wa juu ya lori. Huo hatauweza. Hapa ana nafasi, njiani hana.”

Ta Kaijage alitafuna muda mrefu. Akatema maganda mkononi, akayatupa mbali na mlango.

“Wale walisema atapona,” akasema hatimaye, si kwangu hasa. “Kila siku, atapona, mzee, nenda nyumbani. Sikupata hata siku moja ya kujiandaa.” Akamgeukia mkewe. “Funga kanga yako. Atabaki.”

Niliingia ndani nikasogeza kijisanduku mpaka karibu na kioo cha mlango, nikamfunulia mtoto uso. Mzee aliweka paji la uso kwenye kioo.

“Huyu si mtu,” akasema, “ni senene.”

“Wewe ulizaliwa mkubwa kuliko huyo?” akauliza Ma Paskazia.

“Tazama alivyokunja uso. Senene mwenye hasira.”

Basi jina la utani la panzi wetu wa kuliwa likamkaa, ingawa alikuja kubatizwa jina jingine. Nami nikarudi kwa wale watatu, mikono yangu bado ya watoto.

Jioni Ma Verediana alirudi na nusu mche wa sabuni ndani ya kitambaa. Barazani walikuwa wameshamsimulia kabla hajafika mlangoni, kila mmoja kwa namna yake. Aliingia, akaninusa. “Unanuka kahawa.” Kisha akauliza, “Na wale watatu?”

“Wamekula, Ma. Wote.”

“Yalishuka yenyewe?”

“Yalishuka yenyewe.”

Akaanza kukata sabuni kwa uzi. Nilitegemea sifa, nakuambia kweli. Baada ya muda akasema, “Ungemwambia atapona, ningekutoa chumba hiki.” Hiyo ndiyo sifa niliyoipata, na mpaka leo sijapata kubwa kuliko hiyo.

Juma lile lile mmoja wa wale watatu alifariki, mvulana, mchana kweupe, joto likiwapo na maziwa yakiwapo. Tulifanya kila tulichokijua na hakikutosha. Baba yake alikuwa barazani. Ta Kaijage, aliyekuwa amekataa kurudi Kimwani, alikwenda akaketi karibu naye, akatoa kile kifuko, wakatafuna pamoja. Nilimpa yule baba mwanawe mikononi, nikiwa nimekaa, si kupitia dirishani. Alikuwa ameambiwa kila siku hali ilivyo. Alilia, lakini hakutushuku, na mkewe alipopata mimba tena alirudi kwetu.

Mzee akageuka mlinzi wetu bila kuajiriwa. Ndugu walipofika kutoka Kimwani wamejaa furaha na mikono imenyooshwa, aliwazuia kwa fimbo. “Hapa hatushikani! Mkitaka kumwamkia nesi, mwamkieni kwa mdomo. Na ninyi pia, kanaweni.” Nilisikia alivyowaeleza habari ya ngozi na uchafu, aliieleza vizuri, akiongeza ya kwake kidogo.

Senene alisahau kupumua mara nyingine, kisha akaacha kusahau. Akajifunza kunyonya. Mvua zilipoanza kupungua alikuwa amejaza kofia yake, na Ma Verediana akasema anaweza kwenda. Siku ya kuondoka haikuwa zamu yangu. Nilikuja na gauni la nyumbani, na Kemilembe akanipakatisha mtoto, tukacheka jinsi nilivyoshtuka kumshika bila kunawa. Ta Kaijage akakifungua kile kifuko.

Nilipiga magoti. Nikaikusanya mikono yangu yote miwili, iliyopasuka kwa maji ya majivu, nikaipokea kahawa yake kama nilivyofunzwa na mama yangu. Hakuziachia punje mara moja. Aliishika mikono yangu na punje zikiwa ndani yake, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili.

“Leo ni yako?” akauliza.

“Leo ni yangu, waitu.”

Nilifanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo, Muleba na baadaye Bukoba mjini. Nimeona vijisanduku vya mbao vikiondolewa na mashine za kioo kuingia. Nimeona umeme ukikatika na sisi tukiikumbuka chupa ya maji ya moto. Mengi niliyoyasoma yamepitwa na wakati, na ni vizuri yamepitwa. Haya ninayokupa, mwanangu, bado sijayaona yakipitwa.

Ukishanawa, usiitoe mikono yako kwa yeyote, hata kwa anayestahili heshima yako yote. Lakini usifikiri kwamba kwa kuilinda mikono umepewa ruhusa ya kumfungia mtu moyo. Aliye nje ya mlango ameleta kitu. Kitafute unachoweza kupokea. Kama si mkono, kinywa. Kama si kinywa, jicho na salamu iliyokamilika. Ukimaliza kumlisha mtoto, toka uende kwake. Usimwache asimame na kiganja hewani.

Usisukume maziwa. Hata wakikuitia nini nje, yaache yashuke.

Na wakikuuliza kama atapona, wape ulichokiona leo: amekula, hakula, amepumua, amesahau. Neno la haraka la kumtuliza mzazi linakutuliza wewe tu, na siku ya msiba linamrudia kama jiwe. Watakulilia, wengine watakukasirikia. Lakini watabaki, na mtoto atabaki kwenye joto, na hiyo ndiyo kazi tuliyoitiwa.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona midomo inapobadilika rangi, na miguu ya kusimama mpaka tone la mwisho. Wadogo wale wakue wakupite barabarani bila kukufahamu. Mikono yako iwe safi kila uingiapo, na kila utokapo awepo mtu wa kuishika.